Swali Ambalo Wariara Alikatazwa Kujibu

Swali la kwanza huwa kama inauma. Hata salamu haijatoka. Mtu anapanda zile ngazi za kliniki akishika ukuta, anafika kwa meza ya Wariara akihema, na kitu cha kwanza anauliza ni, "Madam, hizo sindano zinauma?"

Wariara alikuwa na jibu, na alikuwa amelisema mpaka linatoka lenyewe. "Inauma kama siafu mmoja mwenye haraka. Anakuuma, anaenda zake. Baadaye unasikia uzito hapo mahali, halafu wengi wanalala usingizi."

La pili ni kama ni sindano moja wanachomwa watu wote. Hapo anatoa pakiti, anaonyesha vile kila sindano imefungwa peke yake, nyembamba kama unywele, na ikitumika inatupwa kwa kile kijisanduku cha manjano na haitoki tena. La tatu ni la mapepo. Hilo huulizwa kwa sauti ya chini na akina mama wa kanisa, wakiwa wameshikilia mkoba kwa kifua.

"Mathe," Wariara alimwambia mmoja, "anayechoma ni Mhindu, mimi naimba kwaya, na sindano ni chuma. Chuma haina dini."

Kulikuwa na mama aliyetaka kujua kama kuna sindano ya kumfanya mzee wake aache pombe bila yeye kujua. "Lazima alale hapo ndani kwa kitanda," Wariara akamwambia. "Hatuwezi kumdunga akipita barabarani." Yule mama alikaa kidogo akifikiria, kama mtu anayepiga hesabu ya vile mzee anaweza kubebwa akiwa amelewa.

Na kulikuwa na wale wa kuuliza, "Mchina mwenyewe ako wapi?" Maana ubao wa nje umeandikwa tiba ya Kichina na dawa asilia, umechorwa joka jekundu, lakini ndani hakuna Mchina hata wa picha. Kuna Unnati. Unnati amezaliwa Nakuru, amesoma Nakuru, akawa fizio, mtaalamu wa viungo, kisha akaenda China kujifunza sindano na akarudi na cheti chake. Watu wakimwona wanavunjika moyo.

"Mzee, mwalimu wa Kiingereza wa mtoto wako ni Mwingereza?" Wariara anauliza.

"Hapana."

"Basi ingia ndani."

Hiyo ndiyo kazi alikuwa akifanya. Risepshoni. Alizaliwa mtaa wa Kaptembwo, mama yake akifulia matajiri nguo huko Milimani mpaka vidole vikakunjika, na pesa ya hizo nguo ndiyo ilimpeleka Wariara kusomea mapokezi katika chuo kimoja cha mjini ambacho kilifungwa kabla hakijatoa vyeti. Mwenye chuo alihamia kuuza magari. Vyeti vilienda na yeye. Kwa hivyo Wariara alijua mapema vile mtu mwenye suti anaweza kuangalia macho ya maskini, akamwambia kila kitu kiko sawa, na kiwe hakiko.

Lakini hakuwa mtu wa kudharau sindano. Bega lake lilikuwa limekwama mwaka mzima, na Unnati alilifungua. Tena alikuwa msomaji, hata kama ni wa kusoma kwa simu akingoja wagonjwa. Alijua sindano zinasaidia maumivu fulani, magoti, mgongo, kichwa cha kurudi rudi, na hata hapo si kila mtu. Alijua hazitibu saratani. Hazitibu sukari. Mtu akimuuliza alimwambia hivyo hivyo, na wengi walipanda kitanda tu. Watu hawakimbii ukweli vile wafanyabiashara wanafikiria.

Shida ilikuwa swali moja. Lile linakuja mwisho, mtu ameshasimama, ameshavaa koti, halafu anageuka. "Na hizi dawa zangu za hospitali, niache?"

Mara ya kwanza Wariara alijibu vile mtu yeyote mwenye akili angejibu. Mama wa sukari aliuliza, akamwambia, "Usiache. Kama unataka kupunguza, uliza daktari wako." Mama akashukuru, akaenda. Jerry akatoka kwa ofisi.

Jerry ndiye mwenye kliniki. Si daktari, si fizio, si mganga. Aliuza mashine za kusafisha maji, akauza ploti huko Lanet, ploti zikamletea maneno, akaingia kwa afya. Ana ndevu zimekatwa kwa rula na maneno matamu, na ukurasa wa kliniki mtandaoni ni yeye anaandika. Vile vifurushi vya chai ya kusafisha damu, vinavyojaa kabati nzima nyuma ya Wariara, pia ni vyake.

"Wari," akamwambia, "umejifungia mlango mwenyewe. Mtu akijua ataendelea na za hospitali, chai atanunua ya nini?"

"Si aliuliza."

"Akiuliza sema mwili unajua. Basi. Mwili unajua haijawahi kuua mtu."

"Unajua aje haijaua?"

Jerry alicheka, akampiga begani kwa upole, kama mtu anayetuliza punda. Jioni hiyo alichukua mashine ya kupima presha iliyokuwa kwa meza ya risepshoni, akaifungia kwa kabati lake. Alisema inatisha wateja. Mtu amekuja kupona, alisema, wewe unamfunga mkono na kitambaa unamwambia anakufa.

Tangu hapo Wariara akaanza kujifanya anaenda choo. Mgonjwa akiuliza lile swali, alisema "mwili unajua" kwa sauti ya ofisi, halafu akamfuata mpaka kwa ngazi na kumnong'oneza, "Usiache dawa zako, tafadhali." Wengine walimwangalia kama mwendawazimu. Ni kazi gani hiyo, mtu mzima kuficha ukweli kwa ngazi kama bangi? Unnati alijua. Wariara alikuwa amemwambia mara nyingi, na jibu likawa lile lile: "Mimi nachoma goti. Dawa ni mambo ya daktari wao." Mikono safi, glavu safi, na mlango wa chumba umefungwa.

Halafu akaja Mzee Naftaly.

Naftaly ni mkulima wa viazi kule Mau Narok, mwanaume mkubwa, mabega ya kubeba magunia, goti la kulia limechakaa. Siku ya kwanza alipanda ngazi akitumia mpini wa jembe kama fimbo, akakaa kwa benchi akalalamikia ngazi, jengo, aliyejenga jengo, na kaunti iliyompa ruhusa. Wariara alimpenda hapo hapo. Akamwita guka, vile Wakikuyu humwita babu, na yeye akamwita mama, vile wazee wa kwao huita msichana wanayemheshimu.

Goti liliitika. Mpini wa jembe uliachwa nyumbani. Naftaly akawa anapanda ngazi akipiga mluzi, akiwaambia walioketi kwa benchi waache kukunja sura, hii kitu haina uchungu, yeye mwenyewe alilala akakoroma. Na Jerry, ambaye ananusa video vile inzi hunusa kidonda, akamwomba aje siku moja akiwa amevaa vizuri ili atoe ushuhuda.

Alikuja asubuhi, mji ukiwa baridi, amevaa suti ya kanisa na kofia. Jerry alikuwa ndani akipanga taa na kusogeza joka la plastiki likae nyuma ya kiti. Naftaly akakaa kwa benchi mbele ya Wariara. Hakupiga mluzi. Macho yalikuwa mekundu, na mkono ulikuwa unarudi nyuma ya shingo kila saa.

"Guka, ni kichwa?"

"Kinagonga kidogo. Ni jua."

"Jua gani? Watu wamevaa makoti."

"Basi ni baridi. Wewe unataka iwe nini?"

"Umemeza dawa ya presha leo?"

Naftaly akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. "Hizo niliacha. Siku ile nilianza hii chai yenu. Nilisafisha pampu kwanza."

"Pampu gani?"

Alimweleza polepole, kama mtoto wa mjini. Ukipulizia viazi dawa, huwezi kuchukua dawa mbili ukazimwaga ovyo kwa pampu moja. Kuna zinazogandana kama maziwa yaliyoharibika. Kuna zinazochoma majani, unaamka asubuhi shamba lote limekuwa rangi ya chai. Yeye mwenyewe alipoteza shamba hivyo, mwaka ambao watoto walikuwa sekondari, na hajasahau. Ukitaka kuweka dawa mpya, unamwaga ya kwanza, unaosha pampu, ndiyo unaweka. Hiyo ni kitu kila mtu kule juu anajua.

"Na nani alikwambia presha ni pampu?"

"Huyu mkubwa wenu. Nilimpigia simu nikamuuliza vizuri, hii chai naweza kunywa na zile za hospitali? Akaniambia, mzee, wewe ni mkulima, unaweza kumwaga dawa mbili kwa pampu moja? Nikasema huyu kijana anaelewa mambo."

Hasira ilimfanya Wariara asimame. Sasa ona. Jerry hajawahi kubeba pampu mgongoni. Jerry hawezi kujua kiazi kikiwa bado shambani. Lakini alisikia mzee anafanya kazi gani, akatafuta hofu kubwa zaidi ya hiyo kazi, akaichukua akamfunga nayo. Na hakusema "acha dawa." Hapana, ni mjanja. Aliuliza swali tu. Mzee akajijibu mwenyewe, akaacha dawa mwenyewe, na akifa atakuwa amejiua mwenyewe.

"Wari," Jerry akaita kutoka ndani, "mzee ako tayari?"

"Anaenda kujisaidia kwanza."

Akamshika Naftaly mkono. Mzee akasimama akinung'unika kwamba hajasikia haja yoyote. Wakashuka polepole, yeye akitangulia ngazi moja mbele ili mzee akiteleza aanguke juu yake, mpaka chini kwenye duka la dawa la Harbans.

Harbans ni mzee wa kilemba, ndevu nyeupe, ameuza dawa kwa hiyo kona tangu Wariara akiwa mtoto wa kutumwa dawa ya kikohozi. Aliwaangalia mara moja, akavuta kiti bila kuuliza. Akafunga mkono wa Naftaly, mashine ikajaa hewa, ikaachilia, nambari zikaruka ruka. Harbans akaziangalia, akafungua kitambaa, akakifunga tena, akapima upya. Hapo Wariara akajua.

"Mia mbili na kumi," Harbans akasema. "Ya chini, mia moja na ishirini."

"Ni hizo ngazi," Naftaly akasema.

"Mzee, umeshuka. Hujapanda."

"Hata kushuka ni kazi."

"Kaa. Nyamaza. Tutapima mkono ile ingine."

Mkono mwingine ulisema vile vile. Harbans akaweka mashine chini. "Mzee, mimi nauza dawa. Mimi si daktari, na hii si ya duka. Nenda hospitali saa hii. Si kesho."

"Nikimaliza video."

"Mishipa ya kichwa ikipasuka, nani atafanya hiyo video?"

Naftaly akakunja mikono. Wariara akachutama mbele yake, na sasa akaona kitu kingine usoni mwake, si ubishi peke yake. Ilikuwa aibu. Alikuwa amesimama kanisani mbele ya watu wote, akawaambia amewekwa huru, hatameza tena kidonge maisha yake. Watu walipiga makofi. Mama watoto alilia. Kule kwao mtu akishatoa ushuhuda haurudishi kama shati lisilotosha. "Nirudi niwaambie nini? Kwamba nilidanganya madhabahuni?"

Wariara alitaka kumwambia wanaopiga makofi hawatamlisha akipooza. Alitaka kumwambia mengi, na yote yangemfanya azidi kukaza shingo. Kwa hivyo akauliza kitu alichokuwa hajui.

"Guka, viazi vikishikwa na ule ugonjwa wa kuchoma majani, na tena viwe na wadudu, unafanya aje? Unaacha moja?"

"Nani aache? Vyote vitaisha."

"Na si ulisema dawa mbili haziendi pamoja?"

"Nilisema usimwage ovyo. Kuna zinazoenda pamoja, kuna zisizoenda. Kuna ya kupuliza leo na ingine wiki ijayo." Alianza kuchoka na ujinga wake. "Lazima ujue ni ipi na ipi."

"Unajuaje?"

"Unasoma karatasi yake. Kila dawa iko na karatasi, imeandikwa iko na nini ndani, usichanganye na nini. Ama unauliza mtu wa agrovet, duka la dawa za shamba."

"Yule anauza hiyo moja peke yake?"

"Wacha mchezo. Huyo atakwambia za wenzake zote ni maji. Unauliza yule ana zote kwa duka na hana haja na..."

Wariara hakumsaidia. Mtu akifika mahali kama hapo, anafika mwenyewe.

Naftaly akaingiza mkono kwa mfuko wa koti, akatoa pakiti ya chai. Alikuwa ameibeba ili aionyeshe kwa video, Jerry alimwambia aishike karibu na uso. Akaigeuza mbele, kukiwa na joka. Akaigeuza nyuma. Kulikuwa na mlima, mto, na maneno "asili kwa asilimia mia moja." Akaigeuza chini.

"Haina karatasi," akasema.

"Haina," Wariara akasema.

Harbans akanyoosha mkono, akaichukua, akaifungua, akanusa. Akatoa kipande cha mzizi cha manjano, akakiweka kwa ulimi, akakitema kwa kitambaa. "Kuna mzizi fulani tamu, wanaweka kwa chai kama hii. Ile tamu sana, inapandisha presha ukikunywa kila siku. Hii ni hiyo? Sijui. Inaweza kuwa hiyo. Hawajaandika, basi mimi nitasema nini?"

"Dawa ya viazi imeandikwa," Naftaly akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Ya viazi. Na hii ninakunywa mimi."

Watu waliokuwa wamepanga foleni dukani hawakujifanya tena kwamba hawasikii. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisogea aone pakiti. Na hapo ndipo Jerry akaingia, simu mkononi, ameshavaa koti la video.

"Wari, mwanga unapotea. Mzee wangu, tuko sawa?"

"Kijana," Naftaly akasema bila kusimama, "ulinijibu swali kwa simu. Nijibu tena hapa. Hizo dawa za presha, niache ama nisiache?"

Jerry akaangalia foleni. Akamwangalia Harbans, akaiona mashine. Ni mtu mwepesi, akatabasamu. "Mzee, mimi sikusema uache. Nilitoa tu mfano."

"Sasa sitaki mfano. Niache ama nisiache?"

"Unajua, mwili wa kila mtu ni tofauti..."

"Sijaulizia miili ya watu. Nimeulizia huu."

"Mzee, kusema ukweli, mimi si daktari."

"Na kwa simu ulikuwa nani?"

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka kwa pua. Jerry akamshika Wariara kiwiko, akamvuta kando karibu na rafu ya sabuni, tabasamu likiwa bado usoni lakini limekauka. "Unaniharibia mbele ya watu. Umetoa mgonjwa wangu kwa kliniki ukamleta kwa duka la mtu."

"Presha yake ni mia mbili na kumi, Jerry."

"Si tungemalizia tu video, dakika kumi, halafu aende popote?"

Hiyo ndiyo sentensi Wariara alikuja kuirudia kwa mama yake, kwa jirani, kwa kila mtu, na kila mara ikimkasirisha upya. Jerry alikuwa amesikia nambari. Hakubisha. Hakuuliza ni ya mashine gani. Alihesabu kama mzee anaweza kukaa wima dakika kumi mbele ya taa.

"Nampeleka hospitali," akasema.

"Ukitoka na huyo, usirudi."

Kazi hazipatikani Nakuru kama sukuma wiki. Wariara alikuwa na mama mwenye vidole vilivyokunjika na chumba cha kukodi, na alijua vizuri sana ni nini anamwaga. Alirudi kwa kiti, akamwinua Naftaly kwa kwapa, Harbans akamshika upande wa pili, wakamtoa nje pole pole. Harbans akasimamisha tuktuk kwa kuingia katikati ya barabara na kilemba chake na kuinua mkono.

"Kijana," Naftaly akamwambia Jerry kabla ya kuingia, "sindano za yule msichana ni nzuri. Hizo sitazisema vibaya. Lakini uso wangu usiuweke kwa simu yako. Nikiuona huko, nitakuja na mpini wa jembe, na sitakuwa nachechemea."

Ndani ya tuktuk Naftaly aliegemea upande. Mkono ulikuwa shingoni. Wariara aliangalia mdomo wake njia yote, kama umeanza kuenda upande, na akamfanya aongee ili asikie kama ulimi umekuwa mzito. Akamuuliza majina ya watoto wake wote, halafu wajukuu. Naftaly akayataja, akaudhika, akamuuliza kama anamfanyia sensa. Ulimi ulikuwa sawa.

Hospitali ya serikali ilikuwa imejaa, vile hujaa. Nesi alimpima mlangoni, akaangalia nambari, na foleni yote ikapitwa, hata waliokuwa wameamkia hapo. Hakuna aliyelalamika walipoona uso wa nesi. Wakalaza mzee kwa kitanda cha magurudumu, wakamtoa koti la suti. Akaja klinikal ofisa, kijana mrefu, kitambulisho kimeandikwa Kipyegon, macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu aajiriwe.

"Dawa uliacha lini?"

Naftaly akamwambia.

"Kwa nini?"

Mzee akaangalia dari. Wariara akafungua mdomo amsaidie, lakini mzee akainua kidole. "Niliuliza mtu aliyekuwa akiuza kitu kingine," akasema. "Na nikaenda kanisani nikajisifu nayo. Jumapili nitasimama tena niseme nilikosea. Wapende wasipende."

Kipyegon akaitikia kwa kichwa, akiandika. Alikuwa amesikia mabaya zaidi wiki hiyo hiyo. Nesi akaleta vidonge na maji kwa kikombe cha plastiki. Naftaly akavishika kwa kiganja kipana chenye udongo uliokataa kutoka kwa mistari, akaviangalia, akameza. Halafu akauliza.

"Daktari, na goti? Naweza kuendelea na sindano za Kichina?"

"Chomwa ukitaka, mradi sindano ni mpya na mchomaji amesomea. Hiyo chai acha mpaka tujue iko na nini. Na hizi za presha usiache bila kuniuliza."

Hakuinua hata kichwa. Alisema akiandika, kalamu haikusimama, kisha akaenda kwa kitanda kinachofuata.

Wariara alibaki amesimama kando ya kitanda, na hasira ambayo alidhani imeisha ikarudi yote, moto kuliko ya asubuhi. Jibu lilikuwa fupi hivyo. Halikuhitaji ofisi, wala joka, wala mtu kujifanya anaenda choo. Halikumnyima mtu sindano. Halikumtukana Mchina wala mitishamba ya nyanya ya mtu yeyote. Kijana aliyechoka alilisema bila kupumzisha kalamu. Na yeye, kwa miaka mitatu, alilipwa mshahara asiliseme.

Simu yake ikatetemeka. Ilikuwa ni Unnati. Mzee ako aje, aliuliza. Nimeuliza wagonjwa wote leo kuhusu dawa zao. Wawili walikuwa wameacha.

Wariara aliisoma mara mbili. Wawili, siku moja, kwa kliniki moja ya juu ya ngazi. Alikuwa hajui bado ataanza kumpigia nani, wale aliowafuata kwa ngazi akawanong'oneza au wale ambao siku hiyo kulikuwa na watu wengi na hakupata nafasi ya kuinuka kwa kiti.

"Mama," Naftaly akamwita kutoka kitandani, macho yamefungwa, "keti chini. Unanipandisha presha ukisimama hivyo."